Fleti ya Balad, Sehemu ya Tisa: Zahra Wawili

Wiki jana tulimwacha Valary nyuma ya mlango wa fleti ya watalii anayoisafisha Balad, mji mkongwe wa Jeddah, taulo safi mkononi. Wageni waliokodi siku nne ndio walikuwa wanaingia. Wa kwanza alikuwa Madam Hessa wa Riyadh, yule yule ambaye Valary alitoroka nyumbani kwake miezi kumi iliyopita, akajificha ndani ya lori la dereva Julius lililokuwa likitoka Al-Sulay, huko huko Riyadh, na shehena ya vigae. Wa pili, akiburuta masanduku mawili na la tatu amelikumbatia kifuani, alikuwa Maryann.

Maryann, mdogo wake wa tumbo moja. Kwa habari alizokuwa nazo Valary, msichana huyo alikuwa kwao Kimilili, Kenya, akisomea ushonaji.

Kilichomwokoa Valary dakika hizo za kwanza ni nikabu. Yeye ni mtoto wa kanisa, mama yake ni mwanakwaya, lakini tangu afike Jeddah hajawahi kutoka Bani Malik, mtaa anakolala, uso wazi. Ukisharipotiwa na kafili wako, yaani mwajiri aliyekudhamini, kwamba umetoroka, ikama, kile kibali cha kuishi, inakufa, na mtu asiye na ikama hana sababu ya kuuonyesha mji sura yake. Mwenye fleti hakujali. Alichotaka yeye ni shuka zinyooke, choo king'ae, na picha za kila chumba zimfikie kwenye simu kabla mgeni hajafika.

Basi Valary akainamisha kichwa, akaonyesha kwa mkono. Huku chumba cha kulala. Huku bafu. Huku sebule yenye lile dirisha kubwa la roshani, la mbao zilizochongwa na kupakwa kijani, ambalo wageni hulipiga picha mpaka chaji ziwaishie. Hakutoa sauti hata ya kukohoa.

Maryann akapita karibu yake na masanduku. Alikuwa amekonda hadi shingo imerefuka. Juu ya kiwiko cha kulia palikuwa na alama ya pasi ya nguo, ile ncha yake kabisa, imekauka na kuwa nyeusi. Valary aliijua pasi hiyo. Alama yake mwenyewe aliibeba mgongoni.

Akaapa moyoni. Madam na akae siku nne, akae mia, lakini huyu mtoto harudi Riyadh. Hilo tu, msomaji, lishike. Yote ya leo yanatoka hapo.

Madam akaketi kwenye kochi, akavua viatu, akasema bila kumtazama mtu:

"Zahra, maji."

"Naam, madam," akajibu Maryann.

"Naam, madam," akajibu Valary.

Walijibu kwa pamoja, kama wanafunzi wa darasa moja.

Niwaeleze wasiojua. Madam Hessa hapotezi muda wake kujifunza majina ya watu wa jikoni. Kila msichana anayeingia kwake anaitwa Zahra. Alikuwapo Zahra wa Ufilipino, akaondoka. Akaja Zahra Valary. Sasa ni Zahra Maryann. Jina linarithiwa pamoja na aproni na godoro. Ukiitwa hivyo kutoka alfajiri hadi usiku kwa mwaka mzima, ulimi hujifunza kuitika kabla kichwa hakijaulizwa. Mwingine yeyote angeendelea kukunja taulo. Huyu wetu akaitika, tena kwa heshima.

Madam akageuka polepole. Hakushangaa hata kidogo. Hilo ndilo lililopaswa kumtisha Valary kuliko yote, ila hofu haina akili.

"Toa hicho kitambaa usoni," akasema. "Nimesafiri kilomita elfu moja kuja kukuona. Sikuja kuona bahari."

Valary akafunua uso. 

Madam akachukua simu yake, akamwonyesha picha. Alikuwa Valary mwenyewe, ameegemea dirisha lile lile la kijani, uso wazi, vidole viwili hewani, meno yote nje. Alijipiga mwezi wa saba na kumtumia mama yake na maneno haya: Mama, hii ndiyo ofisi yangu siku hizi.

Jamani. Nani kati yetu mwenye ndugu Uarabuni hajatumiwa picha ya namna hiyo? Mtu amesimama kwenye kochi si lake, kwenye nyumba si yake, anatabasamu ili nyumbani walale. Mama yake aliwaonyesha wanakwaya wote. Kisha akamtumia Maryann, amtie moyo. Na Maryann alikuwa wapi? Jikoni kwa Madam Hessa, Riyadh.

Madam alisimulia kilichofuata kama mtu anayeeleza alivyopata kitambaa dukani. Alikaa siku tatu kwenye simu akipitia fleti zote za kukodisha watalii Balad, moja baada ya nyingine, akilitafuta dirisha hilo. Ubao mmoja upande wa chini umevunjika. Alipouona ubao, akalipa siku nne.

"Picha ulipewa na nani?" Valary akauliza, ingawa jibu lilikuwa limesimama mbele yake limeshika glasi ya maji.

"Muulize mwenzako."

Maryann akatazama sakafu.

Sasa msikilize mwanamke huyu alivyo mkatili, maana hakupiga kelele wala hakuinua mkono. Polisi hakuwataka. Ukimkabidhi mtoro kwa polisi, alisema, watamshika wiki mbili tatu, halafu watampandisha ndege arudi kwao, na wako watu Jeddah hii wanaoomba usiku na mchana wakamatwe ili wapate hiyo safari. Yeye hakuja kugawa zawadi. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, Valary ametumikia mmoja. Mwaka wake mmoja uko wapi?

Maryann aliletwa kuujaza. Ajenti wa Kimilili aliyempeleka Valary kazini alimwambia mama yao kwamba binti mmoja akitoroka nafasi yake huzibwa na mwingine, la sivyo aliyetoroka akipatikana anaozea jela. Uongo mtupu. Lakini mama hana wakili, ana kwaya tu.

Madam akaweka mambo mezani. Ruhusa ya Maryann ya kuondoka nchini ilikuwa tayari, ndege ni saa kumi jioni ya leo. Paspoti iko chini kwa Zablon, dereva wa nyumba, ndani ya bahasha. Valary akikubali kurudi Riyadh kwa miguu yake mwenyewe na kumaliza mwaka wake, Maryann anapaa leo. Akikataa, ajiendee. Ila Maryann atarudi Riyadh kuanza miaka miwili kutoka sifuri, na aliyopitia hadi leo yahesabiwe kuwa mazoezi.

"Mlango uko wazi," Madam akamalizia. "Mimi simshiki mtu. Chini kumejaa watalii na kamera, nitamshika vipi? Mkubaliane. Mimi nahitaji Zahra mmoja."

Akaingia chumbani kuongea na mumewe kwa simu, akafunga mlango.

Jikoni walibaki dada wawili. Valary ndiye aliyeanza.

"Picha ulimpa wewe?"

"Nilimpa."

"Maryann, mimi ni dadako."

"Najua wewe ni nani." Sauti ya Maryann ilikuwa ya chini, haina machozi. "Ulitoroka ukaacha vyombo kwa sinki. Ni mimi nilikuja kuviosha. Ulifikiri ajenti ataenda kwa nani? Mum alinipigia magoti, Valary. Mama mzima chini, mbele yangu, ananiomba nikumalizie mwaka wako ndio usifungwe. Na wewe ukatuma picha umesmile."

 Sitamtetea. Usiku ule wa lori hakumfikiria mama wala mdogo wake, alifikiria pasi. Wengi wetu tungefikiria pasi. Lakini ukweli ni kwamba alikimbia na mzigo wake ukaenda kutua kichwani kwa mwingine, na hilo lilimuuma pale jikoni kuliko moto wenyewe ulivyomuuma.

Akamshika mkono. "Hakuna wa kurudi Riyadh. Tunatoka sote. Josphat yuko chini."

Josphat mnamkumbuka, yule dereva wa Bani Malik. Saa sita kila siku huja na gari lake jeupe kuchukua shuka chafu za wageni waliotoka, azipeleke kwa dobi. Na wanaosoma kati ya mistari wanajua kwamba si shuka tu zinazomleta.

"Zablon amekaa kwa mlango wa chini," Maryann akasema. "Hawezi niacha nipite."

"Wewe hatakuacha. Mfanyakazi wa usafi atamwacha."

Valary alikuwa ameshaanza kuvua. Abaya ikatoka, nikabu ikatoka, akamvisha mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga kitambaa nyuma ya kichwa kama alivyokuwa akimfunga tai ya shule. Akamtundikia mkoba wake begani: simu yake humo, ufunguo wa mlango humo. Akampakatisha furushi la shuka za wageni wa jana, likamfunika hadi kidevu. Sasa hata mama yao angempita njiani.

Akampa maelekezo. Shuka ngazi polepole, usimtazame Zablon, ingia gari jeupe, keti nyuma, mwambie Josphat ni mimi nimekutuma. Yeye Valary angefuata baada ya dakika tano. Na nani angemzuia? Madam kwa kinywa chake amesema mlango uko wazi. Wakishafika Bani Malik kuna wasichana kumi na mmoja katika chumba kimoja, wa kumi na wawili hakosi pa kulala. Ya paspoti yatatafutiwa dawa baadaye.

Ilikuwa mipango mizuri. Niliipenda hata mimi ninayejua mwisho wake.

Maryann aliweka furushi chini, akamkumbatia. Alimkumbatia kwa nguvu na kwa muda mrefu, mpaka Valary ndiye aliyemwondoa akamwambia wanachelewa.

"Pole, siz," Maryann akasema ndani ya kitambaa.

Valary akadhani ni pole ya ile picha. Akamwambia yameisha.

Hatua zikaenda hadi mlangoni. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Kisha ukasikika mlio ambao Valary aliujua vizuri, kwa sababu kwa miezi mingi yeye ndiye aliyekuwa akiutoa. Ni ufunguo wa chuma ukizunguka mara mbili.

Mlango wa fleti ile una kufuli mbili. Moja ni ya kisasa, ya kubonyeza nambari, hiyo ni ya wageni. Ya pili ni ya zamani, ya chuma, ufunguo wake mrefu kama mwiko, na mwenye nyumba ameiacha kwa ajili ya urembo. Lakini inafanya kazi. Ikifungwa kwa nje, aliye ndani amefungwa, hata ajue nambari zote za dunia.

Valary akavuta mlango. Akavuta tena. Alijiambia ni haraka, mtoto ana woga, mikono imemtetemeka. Akaweka mdomo kwenye ufa wa mbao.

"Maryann. Umenifungia."

Akasikia viatu vikishuka ngazi.

Akakimbilia dirisha la roshani, akachungulia chini kichochoroni. Aliona kitambaa chake mwenyewe cheusi kikitoka mlango wa jengo. Zablon alikuwa ameketi kwenye kidato cha jiwe. Hakumzuia. Alisimama akanyoosha mkono, na Maryann akamtilia ufunguo kiganjani. Zablon akampa bahasha. Hawakusemezana neno, kama watu waliopatana tangu Riyadh.

Kisha Maryann akaenda kwenye gari jeupe, akaketi nyuma, kama alivyoelekezwa. Josphat akashuka, akampokea shuka kwa adabu zote, akazitia kwenye buti. Gari likaondoka.

Kikulacho ki nguoni mwako, tunaambiwa kila siku. Hiki kiliondoka na nguo zenyewe.

"Anafunga mlango vizuri," sauti ikasema nyuma yake. Madam Hessa alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba. Hakukuwa na simu sikioni. Hakukuwahi kuwa na simu. "Nilimwambia akufungie, ufunguo ampe Zablon, naye apewe paspoti yake. Nilidhani ataniomba muda wa kufikiria. Hakuomba."

Valary akakaa chini, hapo hapo kwenye marumaru aliyoipiga deki asubuhi, akalia kwa sauti kama aliyefiwa. Madam akamwacha alie. Akanywa maji yake, akaagiza chakula kwa simu, akachagua kwa makini kati ya samaki na kuku.

Na ndani ya kilio hicho, msomaji, ndipo Valary alipofanya jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kufanya maishani. Alisamehe. Ilichukua labda robo saa. Alimwona mama yao kwa magoti, aliiona ile alama juu ya kiwiko, na akasema basi. Mtoto ametoka. Nilichoapa kimetimia, njia gani si kitu. Akapangusa uso kwa aproni.

"Nimekubali, madam. Nitamaliza mwaka wangu. Yeye afike nyumbani salama."

Madam akamtazama kwa namna ambayo ungeweza kuiita huruma kama humjui. Akafungua mkoba wake, akatoa paspoti moja ya Kenya, akaiweka mezani na kuisukuma kwa kidole.

"Fungua."

Valary akafungua. Picha ya ndani ilikuwa ya Maryann.

Alisoma jina mara mbili. Akaangalia tarehe ya kuzaliwa. Akarudi kwenye picha.

"Na kwa bahasha kuna nini?"

"Kuna ya kwako, uliyoiacha kwangu ukikimbia," Madam akasema. "Aliniona nikiitia kwa macho yake. Majalada yenu yanafanana, hakuniuliza ni ya nani. Ya kwako ina ripoti ya kutoroka, miezi kumi sasa. Dawati la kwanza tu pale uwanja wa ndege watamweka pembeni. Atasema yeye si wewe. Watampima alama za vidole, watagundua anasema kweli, na watamuuliza anafanya nini na paspoti ya mtoro. Atawajibu nini? Atasema ameiba, au atasema amenunua?"

"Lakini alifanya ulichotaka."

"Ndiyo maana. Aliyeniuzia dada yake, kesho ataniuza mimi kwa mwingine. Mtu kama huyo haendi kwao kuisimulia nyumba yangu. Halas, yamekwisha."

Sasa nitawaambia jambo ambalo Valary mwenyewe hatakuja kumwambia mtu. Kitu cha kwanza kilichompanda moyoni pale hakikuwa hofu, wala uchungu. Kilikuwa furaha. Ilimpanda ghafla, ya moto, tamu, ikamjaa hadi masikioni. Ile robo saa ya kusamehe ikayeyuka yote kama haikuwahi kuwapo.

Kisha aibu ikafuata. Kisha hofu. Lakini furaha ndiyo iliyotangulia.

Madam aliiona. Mwanamke yule haoni haya, ila mambo mengine yote anayaona. Akachukua simu yake, akaifungua, akaiweka juu ya ile paspoti.

"Yule dereva wa shuka. Nambari yake unaijua?"

Aliijua. Bani Malik kila mtu ana nambari moja aliyoikariri, kwa sababu ukishikwa, simu ndiyo hutangulia kuchukuliwa. Nambari ya Valary ilikuwa ya Josphat.

"Piga," Madam akasema. "Wako njiani bado kwenda uwanja wa ndege. Mwambie ageuze gari. Nakuachia mara moja hii, sitakukataza."

"Kwa nini?"

"Nataka kuona."

Valary akaichukua simu. Akabonyeza sifuri, akabonyeza tano.  Aliwaza gari jeupe barabarani, na Maryann nyuma ameshikilia bahasha mapajani kwa mikono miwili, kama anavyoshikilia kila kitu tangu utotoni. Aliwaza jinsi alivyomfunga kile kitambaa nyuma ya kichwa. Akawaza lile kumbatio refu, na kwamba mtoto alikuwa akihesabu ndani yake kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Tarakimu ya saba. Ya nane. Ya tisa.

Ilibaki moja. Kidole kilisimama juu ya kioo.

Madam alikuwa ameegemeza kidevu mkononi, anatazama. Nje adhana ya adhuhuri ilianza msikiti mmoja, ikapokewa na mwingine, ikapita, ikaisha. Kioo cha simu kikafifia. Kingehitaji kuguswa tu ili kiwake. Valary akakitazama kikififia mpaka kikawa cheusi, akaona uso wake humo.

Akailaza simu mezani, kioo chini.

Akasimama, akaokota glasi tupu, akaenda jikoni, akabandika birika. Saa ya ukutani ilikuwa saba kasorobo, na ndege ni saa kumi. Akauliza kutoka huko kama Madam angependa chai yake iwe na mnanaa.